Ulimi Niliomtunzia Mama

Juzi nilikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Bariadi kununua skrubu za kitasa cha mlango. Muuzaji alinimiminia chache kiganjani nichague, zile ndogo za shaba, na kwa kuwa mkono mwingine ulikuwa na mizigo, nikabana mbili kwa midomo huku nikitafuta pochi. Sikujua kwamba ladha inaweza kumsimamisha mtu mzima. Shaba iliyolowa mate inakaribiana na damu, inakaribiana na maji yaliyolala bombani, na pua huipata kabla mdomo haujamaliza kuitambua. Nilizitema mkononi, nikalipa, nikaenda kukaa kwenye benchi nje ya duka. Muuzaji alitoka kuniuliza kama naumwa. Nilimwambia nimechoka na jua tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemkumbuka mama, na msimu ule ambao nyumbani kwetu palikuwa na watu wawili wasiosema.

Baba alikuwa mkulima wa pamba, kijijini kwetu nje kidogo ya Bariadi, upande wa barabara iendayo Maswa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa na kinanda cha mdomo alichoachiwa na kaka yake, ambaye maisha yake yote alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Maswa. Hakukipiga kwa kujifurahisha. Kilikuwa kinanda cha kanisani, na kazi yake ilikuwa ndogo sana: kumpa mama sauti.

Mama ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa kwaya. Watu wakishasimama, baba alikitoa kinanda mfukoni, akapuliza sauti moja tu, fupi, kisha akakirudisha. Mama aligeuza kichwa kidogo, kama mtu aliyeitwa na mwingine aliye nje ya kanisa, halafu akaanza. Wengine walimfuata. Mimi niliamini kwamba ile sauti moja ndiyo iliyokuwa ikimwambia maneno yote ya wimbo. Nilijiuliza kwa nini mimi sikuyasikia humo ndani.

Huku kwetu kiangazi vumbi huingia hata kwenye sanduku lililofungwa, kwa hiyo mara kwa mara baba alikifungua kinanda na kukisafisha. Alitandika kitambaa juu ya kigoda, akafungua vifuniko vya bati, na ndani kulikuwa na kipande cha mti chenye vyumba vidogo vidogo, kimebanwa na mabamba mawili ya shaba, moja juu na moja chini. Kwenye kila bamba zilijipanga ndimi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Aliniruhusu kuinama karibu mradi nisipumue juu yake, na harufu ya shaba yenye mate ilinijaa puani.

"Hizi ni ndimi," alisema. "Za bamba hili zinasema ukipuliza. Za bamba hili zinasema ukivuta pumzi."

"Zinasema nini, baba?"

"Kila mmoja una neno lake moja tu, mayu. Basi zinapokezana."

Mayu kwa Kisukuma ni mama, lakini wazazi wa kwetu huwaita hivyo hata binti zao wadogo. Jina hilo la mapenzi nimelisikia zaidi kwa baba kuliko jina langu halisi.

Kabla ya mavuno ya pamba ulimi mmoja ulinyamaza, na ukawa ule ule aliomzoeza mama. Baba alipuliza tukasikia pumzi yake tupu. Jumapili hiyo mama alianza wimbo kwa kukisia, akauanza juu mno, na wanawake wa sauti ya kwanza wakaishia kukohoa. Kesho yake baba alinipakia kwenye baiskeli tukaenda mjini.

Fundi aliitwa Idi. Alikuwa na meza yake barazani, ng'ambo ya soko, akitengeneza saa, redio na simu, na watu walimletea chochote kidogo chenye skrubu. Kwao ilikuwa Tabora lakini alikuwa amekaa kwetu muda mrefu.

"Mwangaluka," baba alimsalimu.

"Mwangaluka, mzee. Mhola?"

"Mhola duhu."

Fundi Idi alikifungua kinanda, akagusa ndimi moja moja kwa ncha ya sindano. Kila mmoja ulilia kidogo na kutetemeka. Alipoufikia mmoja, hakikusikika kitu isipokuwa mkwaruzo wa sindano yenyewe.

"Huu hapa," alisema. "Ulimi umekufa."

"Umekatika?"

"Bado. Umepata ufa hapa shinani. Ukiendelea kuupuliza utakatika, na wewe utaumeza."

"Sasa unatengenezeka?"

"Wenyewe hapana. Ulimi uliokufa haufufuki, mzee. Unatolewa, unawekwa mwingine."

Nilisogea. Yeye aliniona, akainamisha bamba ili na mimi nione, na nadhani alifurahi kupata mtu wa kumweleza. Alituonyesha kichwa kidogo kilichopondwa pale ulimi ulipoanzia. Kinanda hiki, alisema, ni cha ribiti, yaani msumari mdogo uliopondwa ncha. Ulimi wake ulichongwa peke yake, mnene kwenye shina na mwembamba katikati, ndipo ukaja kubanwa kwenye bamba. Ribiti ukiigonga taratibu kwa nyuma inatoka, na ulimi unabaki mzima. Kisha akavuta droo na kutoa kinanda kingine, chepesi, cha kuchezea watoto, akakifumua mbele yetu.

"Tazama hiki. Hakuna ribiti, hakuna skrubu. Ndimi zimechomelewa kwenye bamba kwa nukta ya moto. Nikiung'oa unapasuka. Na zimekatwa kwenye bati la unene mmoja, kwa haraka, hata ukihamisha mmoja salama hautadumu."

"Hata mmoja hautoki?" baba aliuliza.

"Unaweza kutoka. Lakini kwa shida, na unaumia."

"Sasa ulimi tutaupata wapi?"

"Tutasubiri kinanda kingine cha ribiti kilichoharibika mahali pengine. Na kiwe hakijapigwa sana. Ulimi uliotumika sana ukiuhamisha, unahamisha na uchovu wake."

Baba alikiacha kinanda pale. Njiani, nikiwa nyuma ya baiskeli, niliyarudia moyoni maneno yote ya fundi kama mtoto anavyorudia shairi la darasani. Sikuwa na sababu. Yalinipendeza tu.

Muda si mrefu pamba ikafunguka, tukaanza kuchuma. Siku moja nilikuwa mstari mmoja na mama. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama mfuko na kuijaza pamba mpaka akaonekana mjamzito. Alikuwa akinituma. "Mayu," alisema, "niletee kile." Nilisubiri aseme kile nini. Niliinua macho nikamwona amesimama, mkono wa kulia umelegea, pamba inamdondoka kwenye vidole, na mdomo wake umevutwa upande mmoja kana kwamba anamcheka mtu. Kisha akakaa chini, polepole, akalala ubavu kwenye mstari wa pamba. Kwa miaka mingi nimejaribu kufikiri kile alichokuwa akikitaka kilikuwa nini. Kulikuwa na dumu la maji, kulikuwa na kofia yake ya ukindu, kulikuwa na kiroba. Sijui.

Walimpeleka hospitali mjini. Kaka zangu walikuwa wameshajenga miji yao, kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili, baba na mimi, naye baba alilala hospitali. Shangazi, dada yake baba, alitoka Kiloleli kuja kuuguza. Mama aliporudi nyumbani alikuwa hawezi kuinua mkono wa kulia, mguu aliuburuta, na hakuweza kutamka neno hata moja. Alitazama watu. Macho yake yalikuwa yale yale, na hilo lilikuwa gumu kuliko mkono na mguu.

Jirani mmoja alipokuja kumjulia hali, nilimsikia shangazi akimweleza uani: "Mkono tunaukanda, labda utarudi. Lakini ulimi umekufa."

Ninyi wa rika langu mnajua jinsi tulivyopata habari tukiwa watoto. Hakuna aliyetukalisha kutueleza. Tuliokota kipande hapa na kipande pale, tukaunganisha wenyewe. Mimi nilikuwa nimeshasikia, kwa masikio yangu, kwa mtu anayejua kazi yake, kwamba ulimi uliokufa haufufuki. Unatolewa, unawekwa mwingine. Swali lilikuwa moja tu: wa nani? Wa baba ulikuwa mkubwa na wa kiume. Wa shangazi ulifanya kazi tangu alfajiri. Niliyebaki ni mimi.

Nilichukua kioo kidogo cha baba cha kunyolea ndevu, nikaenda nyuma ya ghala la mahindi, nikautazama ulimi wangu. Niliuinua. Chini yake niliona mishipa ya buluu, na uzi mmoja mwembamba uliounganisha ulimi na sakafu ya mdomo. Nilitafuta kichwa cha ribiti. Nilipapasa kwa kidole nikitafuta skrubu. Sikuona kitu. Nikajua kwamba wangu umechomelewa. Maneno ya fundi yalinirudia: kwa shida, na unaumia. Nilikaa pale na kile kioo mapajani mpaka shangazi akaniita, na sikuitika. Nilikuwa nimeshaamua. Kama ulimi utahamishwa, uhamishwe bila uchovu.

Nikaacha kusema.

Siku za kwanza hakuna aliyegundua. Nyumba yenye mgonjwa haina muda wa mtoto. Nilichota maji, nilipuliza moto, nilimshikia mama bakuli. Uji wa moto niliuacha upoe kabisa ili usiniunguze ulimi. Lakini kwetu mtoto hupiga magoti akasalimia, na mtoto asiyesalimia ni aibu ya nyumba. Nilipiga magoti, midomo nikaifunga. Wazee walinipita wakitikisa kichwa. Shuleni mwalimu aliniita mbele, akaniuliza, akaniuliza tena, kisha akaniinamia na kuuliza kwa upole nani amenitisha. Nilichukua chaki nikaandika jibu la hesabu ubaoni, maana hicho ndicho nilichodhani anakitaka.

Baba alinikalisha chini. "Mayu, unaumwa?" Nilitikisa kichwa kukataa. "Umekasirika?" Nikakataa. "Basi sema na mimi." Nilimtazama. Nilitamani kumwambia kwamba avumilie, mambo yako njiani. Alinipapasa kichwa, akaondoka akiwa amejikunja, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba baba yangu alikuwa mfupi.

Shangazi ndiye aliyelitafsiri jambo lile. Alimwambia baba wakiwa jikoni, mimi nikiwa nachambua mboga mlangoni. Kwa kuwa sikusema, watu walikuwa wameshaanza kuzungumza mbele yangu kama vile sisikii.

"Kaka, hili si la hospitali tena. Mama kanyamaza, mtoto naye kanyamaza. Kuna mtu anafunga midomo ya nyumba hii."

"Nyamaza wewe."

"Mimi nikinyamaza tutakuwa watatu. Nani aliingia humu siku mama mtoto alipotoka hospitali? Nani alileta michembe?"

Aliyeleta michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, alikuwa Bibi Nyamizi, mjane wa jirani. Alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na hakuwa na mtoto karibu. Mimi nilimjua kama bibi anayetoa michembe. Sikujua kwamba huku kwetu neno kama lile, la uchawi, likishatoka mdomoni halirudi, na kwamba wapo vikongwe wenye macho mekundu ambao halikuwaacha salama. Baba alijua. Nilimwona akiinuka na kufunga mlango wa jikoni, huku mimi nikiwa nje na mboga zangu.

Shangazi hakuacha. Alikuwa ameshatuma ujumbe kwa mganga wa upande wa Nyashimo, naye akajibu kwamba mtoto apelekwe. Walikuwa wamekubaliana hata siku. Baba alikuwa hajakubali wala kukataa. Alikuwa kama mtu aliyeshika ng'ombe wawili kwa kamba mbili, kila mmoja anavuta kwake. Na katikati ya hayo mtu mmoja aliyetoka mnadani alipitisha salamu za Fundi Idi: kinanda tayari.

"Twende wote," baba aliniambia asubuhi iliyotangulia ile safari ya kwa mganga. "Labda utafurahi."

Sikufurahi. Nilijua saa yangu imefika. Nilipanda nyuma ya baiskeli nikamshika kiuno, na njia nzima niliusukuma ulimi kwenye meno, nikiuaga.

Fundi Idi alitukaribisha, akaeleza. Mtu mmoja alikuwa amemletea kinanda kilichokanyagwa na ng'ombe. Mti wake ulisagika lakini mabamba yalibaki sawa. Alitafuta ulimi wenye urefu na upana wa ule wa baba, akaigonga ribiti kwa nyuma, akautoa. Kwenye bamba la baba, badala ya ribiti mpya, aliufunga kwa skrubu ndogo mno. "Ribiti inataka mashine yake," alisema. "Na skrubu siku ukitaka kuufungua unafungua." Ulikuwa na sauti ya juu kidogo, akaukwangua taratibu karibu na shina mpaka ukashuka ukakaa mahali pake.

Baba alikiinua kinanda kukijaribu. Nami nikaona kwamba kikishajaribiwa tutaaga na kuondoka.

"Fundi," nilisema.

Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine, imekauka. Baba alibaki na kinanda mbele ya midomo.

"Fundi, ulimi wa mtu umefungwa kwa ribiti au umechomelewa?"

"Wa mtu yupi?"

"Wangu. Nataka uutoe umwekee mama. Wa kwake umekufa. Wangu sijautumia, nimeutunza."

Hakuna aliyecheka. Fundi Idi aliiweka bisibisi mezani, akamtazama baba. "Mzee," alisema, "mimi natengeneza saa. Mtoto ana neno na wewe." Akavuta kiti chake akamsogezea baba, akatoka, akavuka barabara, akaiacha meza yake yote wazi na saa za watu na simu za watu.

Baba alikaa.

"Ndiyo maana ulinyamaza?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Sema, nisikie."

"Ndiyo, baba."

"Nani alikuambia ulimi wa mama umekufa?"

"Shangazi."

"Shangazi alisema vibaya. Ulimi wa mama mzima. Si anameza uji? Si ulimi wake unausukuma uji nje ukiwa wa moto? Ulimi uliokufa haujui moto." Aliweka kiganja kichwani kwangu. "Palipoumia ni huku. Mahali maneno yanapokaa kabla hayajashuka."

"Fundi wa huku yuko wapi?"

"Hayupo," baba alisema. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli, akajirekebisha. "Au kama yupo, mimi sijui aliko, mayu. Huenda mama akasema tena. Huenda asiseme. Lakini ulimi wako ni wako. Hauhamishwi. Usinyamaze tena. Mimi siwezi kukaa na ukimya wa watu wawili."

Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yashuke tu, mkono mmoja ukiwa bado kichwani kwangu na mwingine umeshika kinanda. Sokoni watu waliendelea na bei zao. Fundi Idi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, ametugeuzia mgongo.

Tulipofika kijijini, baba hakunipeleka nyumbani kwanza. Aliegesha baiskeli kwa Bibi Nyamizi, aliyekuwa amekaa mlangoni akipepeta. "Msalimie bibi," alisema, kwa sauti ambayo majirani wangeisikia. Nilipiga magoti, nikasalimia. Bibi Nyamizi aliweka ungo chini, akanishika mikono yote miwili, akaitikia salamu yangu yote mpaka mwisho, akiuliza habari za nyumba, za ng'ombe, za mgonjwa. Ni ukubwani tu nilipofahamu kwamba maneno ya shangazi yalikuwa yameshamfikia, na kwamba alikuwa akisubiri kuona ni nani atakayekuja mlangoni kwake.

Kisha tukaenda nyumbani, nikamsalimia shangazi. Aliinua vidole vyake vilivyojaa unga, akakaa kwenye kinu kilicholala, akajifunika uso kwa kanga. Habari ya Nyashimo haikutajwa tena. Jioni hiyo alinipakulia chakula kingi kuliko cha mtu mzima.

Mama alikuwa kwenye mkeka, mlangoni, akiota jua la alasiri. Baba alichuchumaa mbele yake akamsimulia yote kwa Kisukuma, polepole, kuanzia kioo cha kunyolea mpaka kwenye meza ya fundi. Sikujua kama alikuwa akimwelewa. Alipomaliza, mama aliinua mkono wa kushoto akanivuta. Alinishika kidevu, akabonyeza mpaka nikafungua mdomo. Alitazama ndani kwa muda. Akaugusa ulimi wangu kwa kidole kimoja, mwanzo hadi ncha, kama mama anavyomgusa mtoto mchanga kuona kama yuko salama. Halafu akanifunga mdomo kwa kiganja chake, akatikisa kichwa: hapana. Akatikisa tena. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelowa, upande mwingine haukujua kitu.

Baba aliinuka, akajifuta, na nadhani kwa kukosa la kufanya alikitoa kinanda mfukoni. Akapuliza ile sauti moja.

Mama aligeuza kichwa. Kisha akaimba.

Alianza pale pale alipokuwa akianzia siku zote, wimbo wa kufungulia ibada, na maneno yalikuwamo. Yalikuwa mazito, yamelegea upande mmoja, lakini yalikuwa maneno, moja baada ya jingine, ubeti wa kwanza na kiitikio na ubeti wa pili. Shangazi alikuja mlangoni na mwiko. Baba hakuthubutu kusogea. Mama mwenyewe alitoa macho, kama mtu anayemsikiliza mgeni ndani ya nyumba yake. Wimbo ulipoisha, baba akapiga magoti, akamwambia, "Sasa sema. Sema jina la mtoto." Mama alifungua mdomo. Tulisubiri. Hakikutoka kitu.

Ndivyo alivyobaki. Miaka baadaye daktari mmoja wa Mwanza alinieleza kwamba nyimbo huhifadhiwa mahali pengine kichwani, na kwamba yeye ameona wengi wa namna hiyo. Wakati huo hatukuwa na maelezo. Mama aliweza kuimba alichokuwa akikijua zamani, chote, bila kukosea, lakini kwa mazungumzo hakuwa na kitu. Baada ya mavuno likaja neno moja tu, nalo lilikuwa "basi". Alitaka maji, alisema basi. Alinikemea, basi. Alimwita baba, basi. Sisi tulijifunza kulisoma kwa namna alivyolivuta. Baba alilisoma vizuri kuliko sote.

Kanisani walisema ni muujiza, wakataka atoe ushuhuda. Baba hakupenda, ila mama mwenyewe alinyanyuka, akaburuta mguu mpaka mbele, akashika meza kwa mkono mzima. Aliwatazama watu aliowaanzishia nyimbo kwa miaka, akavuta pumzi, akasema, "Basi." Akarudi kukaa.

Aliishi hivyo mpaka nilipokuwa sekondari ya bweni, Maswa. Alifariki muhula wangu wa pili, kijijini, mchana, baba akiwa pembeni yake. Walinifuata shuleni nikazika pamoja na wengine. Bibi Nyamizi alikuwa wa kwanza kukaa chini kwenye matanga, na shangazi ndiye aliyemtandikia mkeka.

Kwa hiyo mara ya mwisho kuonana naye akiwa hai ilikuwa asubuhi ile nilipoondoka kwenda shule kuanza muhula huo. Alisisitiza kuja mpaka barabarani, ingawa kwa mguu wake ilikuwa safari. Baba alibeba sanduku langu. Tulisimama, watu wengine wakisubiri gari kama sisi. Basi la Maswa lilipojitokeza kwenye kona na vumbi lake, mama alinigeukia akanishika kidevu kwa mkono wake wa kushoto.

"Basi," alisema.

Kondakta alikuwa ameshashuka, akamsikia. "Ndiyo, mama," alimjibu kwa adabu, akiliinua sanduku langu. "Basi lenyewe ndilo hili."

Mama hakumtazama. Alilisema tena, chini, akalivuta kwa namna ambayo hakuwahi kulivuta kabla ya hapo, na baba, aliyejua kusoma kila basi lake, akageuka akatazama shamba.